Kodi ya Mwamba: Nani Hasa ni Mchimbaji Haramu?

Kila panapozuka rashi ya dhahabu katika Kanda ya Ziwa, mambo hufuatana kwa namna ileile. Mtu mmoja huokota jiwe lenye kung'aa shambani au kando ya mto. Baada ya siku chache habari zimefika Geita, Kahama na Tarime. Na kabla mwezi haujaisha kuna maelfu ya watu, vibanda vya turubai, mama lishe, wauza tochi na wanunuzi wenye mizani midogo mfukoni. Ndipo inapokuja amri: eneo lifungwe, wavamizi waondoke. Makada wa kata na tawi hutakiwa kuwaeleza wananchi amri hiyo, na mara nyingi hawana la kueleza zaidi ya kuirudia. Katika makala haya tunakusudia kuwasaidia makada na wanafunzi kulitazama suala hili kwa undani, maana tusipofahamu ni kitu gani kinachomfanya mchimbaji aitwe haramu hatutamdhibiti. Tutamhamisha tu kutoka kilima kimoja kwenda kingine.

Kwa mujibu wa sheria, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri. Mkulima ana haki juu ya shamba lake, lakini hana haki juu ya mwamba ulio chini ya shamba hilo. Mtanzania anayetaka kuchimba huomba leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hudumu miaka 7 na inaweza kuongezwa muda. Sasa tutafakari. Kijana akichimba ndani ya leseni ya mtu mwingine kwa mapatano, ni mchimbaji mdogo, na siku ya sherehe atasifiwa kuwa ni mjenzi wa taifa. Kesho yake akivuka kigingi kwa hatua kumi, akiwa na sururu ileile na jasho lilelile, ni mhalifu. Kwa hiyo uharamu si tabia ya mtu, wala si kabila la watu wakorofi kama wengine wanavyozungumza. Ni uhusiano baina ya mwenye karatasi na asiye nayo.

Uhusiano huo una historia yake. Mgodi wa Geita wa enzi ya Mwingereza, uliokuwa mkubwa nchini, ulifungwa mwaka 1966, wakati dhahabu ilikuwa imefungiwa bei ya dola 35 kwa wakia na gharama za kuchimba zikipanda. Mwaka 1971 Marekani ilivunja uhusiano wa dola na dhahabu, na kufikia Januari 1980 wakia moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 800. Mkulima wa pamba wa Sukumani hakuhitaji kusomewa magazeti ya uchumi ili alielewe jambo hilo. Alichukua jembe akaenda kwenye mashimo yaliyoachwa. Sheria ya Madini ya 1979, kwa upande wake, ilitungwa kwa kufikiria zaidi migodi mikubwa. Na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lililoundwa 1972, halikuwa na uwezo wa kuwaajiri watu wote hao.

Basi dhahabu ikachimbwa, lakini haikuonekana. Benki iliinunua kwa thamani rasmi ya shilingi, na mlanguzi aliinunua kwa thamani ya mitaani iliyokuwa juu mara kadhaa. Vita dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwatia walanguzi hofu, na ilistahili kuwatia hofu, ila haikuifuta tofauti hiyo ya bei. Kilichotokea baadaye ni fundisho kubwa ambalo hatulisomi vya kutosha. Mnamo mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kwa bei iliyokaribia ile ya magendo, na mauzo rasmi yakapanda ghafla, bila askari kuongezwa porini. Miaka michache baadaye ununuzi huo ulipolegea, dhahabu ikarudi gizani.

Njia ya pili ilijaribiwa Bulyanhulu. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji waliondolewa ili kupisha kampuni yenye asili ya Kanada, na madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni yakabishaniwa kwa miaka mingi, ndani na nje ya nchi. Hatukusudii kuamua ubishi huo hapa. Tunasema tu kwamba wale walioondolewa hawakutoweka duniani. Walikwenda kwenye rashi nyingine, nao walikuwa wamejifunza kutoamini tangazo lolote linalosomwa kwa kipaza sauti.

Mwaka 2019 somo la 1990 likakumbukwa. Katika mkutano wa Januari 22 mjini Dar es Salaam, wachimbaji wadogo walimweleza Rais Magufuli kwamba kodi zenyewe zinawasukuma kwenye magendo. Mwezi uliofuata Bunge likawaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Na mwezi Machi soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita. Sasa kuna masoko zaidi ya 40, ambako bei ya siku hujulikana kwa wote na mrabaha hukatwa palepale. Wizara imeeleza kwamba mchango wa wachimbaji wadogo katika mapato ya sekta umefika karibu asilimia 40. Ni ushindi, na tusiwe wachoyo wa kuukiri. Mnunuzi amedhibitiwa kwa kiasi kikubwa, na alidhibitiwa kwa bei kabla ya kudhibitiwa kwa rungu.

Lakini soko liko mwisho wa safari ya dhahabu. Huko mwanzo, kwenye duara, mambo hayajabadilika sana, na hapo ndipo penye kiini cha suala letu.

Tuchukue mfano. Viwango hutofautiana, lakini mgao wa aina hii unafahamika kwa yeyote aliyekaa mgodini. Duara limetoa mifuko 100 ya mawe. Mwenye leseni anachukua 30. Mwenye duara, ambaye amelipia chakula, matimba, baruti na mashine ya kuvuta maji, anachukua 40. Inabaki 30 ya wachimbaji. Wakiwa kumi, kila mmoja ana mifuko mitatu. Mifuko hiyo ataipeleka kwenye karasha, na mwenye karasha ana malipo yake. Kisha mwaloni ataiosha kwa zebaki, inayokamata sehemu tu ya dhahabu na kumwachia yeye mvuke wa sumu. Na mchanga unaobaki, yaani marudio, mara nyingi ni wa mwenye mwalo, ambaye ataupeleka kwenye sayanaidi na kupata dhahabu nyingine. Mchimbaji huyu akitoka usiku na kuchimba ng'ambo ya kigingi, mifuko yote ni yake. Ndugu msomaji, hatuhalalishi kosa hilo. Tunaonyesha linakotoka.

Mwenye duara ametia mali yake na anaweza kupoteza yote. Tunaweza kumwita bepari mdogo, na si tusi. Lakini mwenye leseni ametia nini? Wako wanaotia mengi: wanapima mwamba, wanaajiri msimamizi, wanazuia watu kushuka wakati wa mvua. Hao tunawaheshimu. Ila wako wengine waliotuma maombi kwa mtandao wakiwa mjini, hawajawahi kuona udongo wa eneo lao, wakasubiri rashi izuke ili waje na karatasi kudai mifuko. Mwaka 2023 Wizara ilitangaza kufuta maombi na leseni zilizokaa bila kuendelezwa, jambo linaloonyesha kwamba hatuzungumzi habari za kubuni. Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, kwa kile anacholipwa mwenye nyumba na kile inacholipwa Serikali, na mgodini neno hilo moja limeficha tofauti kubwa. Mrabaha ni kodi inayorudi kwa umma. Mifuko 30 ya mwenye leseni aliyelala ni kodi ya kabaila: kodi ya mwamba ambao hakuuumba na ambao kwa sheria si wake.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti hayo, na leo Chama hakimkatazi kiongozi kuwa na kitega uchumi. Hatupendekezi kurudisha saa nyuma kwa makala moja. Lakini lazima tuulize: amri ya kufunga eneo inapotolewa, je, wote wanaoitoa, wanaoitekeleza na wanaoieleza hawana leseni jirani na hapo? Wananchi hujiuliza swali hilo hata kama sisi hatulitaji mkutanoni. Na kada asiyeweza kulijibu hasikilizwi, hata pale anaposema jambo la kuokoa maisha.

Januari 2024, huko Ng'alita wilayani Bariadi, watu 22 walikufa mgodi ulipoporomoka wakati wa mvua. Ilielezwa kwamba walikuwa wameonywa wasichimbe pale kwa sababu ya mvua hizo. Hapa ndipo ugumu wote ulipo. Onyo lilikuwa la kweli, lakini katika mazoea ya wachimbaji onyo la kweli na hila ya kuwaondoa ili mwingine aingie husikika kwa sauti moja. Mtu aliyefukuzwa mara tatu kwa faida ya mwenye karatasi atashuka shimoni mara ya nne hata ukimwambia mlima unaanguka.

Kwa hiyo rashi ijayo itakapozuka katika kata yako, kabla ya kusoma amri, nenda ofisi ya madini ya mkoa ukaulize mambo manne: nani ana leseni ya eneo lile, aliiomba lini, amefanya kazi gani hadi leo, na je, kuna sehemu iliyo wazi inayoweza kupewa kikundi cha wale waliokwisha kufika. Majibu hayo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, majina yakiwemo, hata kama limo la mjumbe wa kamati yako. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inawataka viongozi wanaohusika wapeleke tamko la mali zao. Lakini tamko hilo halimfikii kijana aliye futi mia mbili chini ya ardhi, ambaye anajua tu kwamba mifuko 30 imekwenda kwa mtu asiyemfahamu.