Dogo wa Mvumi, futi ya fundi na kesi ya Dickson Job

DODOMA. KWENYE viwanja vingi vya shule hapa nchini, Mvumi ikiwemo, beki wa kati huchaguliwa kabla mpira haujapigwa. Vijana wanapangwa mstari mmoja, mwalimu wa michezo anatupa jicho, na wale wawili waliowazidi wenzao kichwa kizima wanaambiwa wakae nyuma. Wa tatu kwa urefu anapewa glovu. Wafupi wanasukumwa pembeni wakacheze winga, na dogo mfupi anayejua kukaba anaambiwa asubiri kwanza aongezeke.

Mvumi iko wilaya ya Chamwino, nje kidogo ya jiji la Dodoma, na njia ya kutokea kisoka kwa kijana wa huku haina michepuko mingi. Ni Umitashumta akiwa shule ya msingi, Umisseta akiwa sekondari, halafu aombe Mungu mtu wa Dodoma Jiji au wa kituo kama Fountain Gate amwone na kumvuta mjini. Akikatwa kwenye ule mstari wa kwanza, safari imeishia hapo hapo. Kwa hiyo ishu ya urefu, ambayo vijiweni inabishaniwa kwa kicheko, huku inaamua maisha ya mtu.

Je, futi ya fundi cherehani inaweza kumjua mchezaji?

KESI YA JOB

Ukitaka kuanzisha ubishi Jangwani, taja urefu wa Dickson Job. Kila anayeangalia Ligi Kuu anajua kwamba jamaa si mtu wa mwili. Akisimama na Bakari Mwamnyeto au Ibrahim Hamad 'Bacca' kusubiri kona ipigwe, mgeni anaweza kudhani ni kiungo aliyerudi kusaidia.

Lakini huyo ndiye alikuwa nahodha wa Serengeti Boys iliyokwenda Gabon mwaka 2017 kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Akakomaa Mtibwa Sugar, na Januari 2021 Yanga wakamchukua. Msimu wa 2022/23 alikuwa ndani ya safu ya ulinzi iliyowafikisha Wananchi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ile waliyofungwa 2-1 kwa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na USM Alger bado wakabeba ndoo kwa faida ya mabao ya ugenini.

Mtazame Job mpira ukiwa bado uko kwa anayepiga krosi. Anaangalia mguu wa mpigaji, anapiga hatua mbili, anamgusa straika bega kabla hajaruka. Straika mrefu akiguswa bega wakati anajikusanya hupoteza sentimita kumi bila mtu kuona, na refa naye haoni faulo. Mengi ya mipira ya juu huamuliwa pale chini, kwenye nani kafika kwanza na nani kawahi kusimama vizuri. Mbwana Samatta alipoifungia Aston Villa pale Wembley Machi 1, 2020, kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, lilikuwa bao la kichwa, lakini alilifunga akiwa ameinama. Urefu wake siku hiyo haukuwa na kazi. Kilichofanya kazi ni kwamba alifika kabla ya mabeki.

Na mashabiki wa Bongo wenyewe walishatoa hukumu mbili zinazopingana kwenye majina ya utani. Nadir Haroub, nahodha wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, walimwita 'Cannavaro'. Cannavaro mwenyewe, Fabio, yule Mtaliano aliyenyanyua Kombe la Dunia 2006 na mwaka huohuo akachukua Ballon d'Or, ana sentimita 176 tu, na alikuwa beki wa kati. Upande wa pili John Bocco akaitwa 'Adebayor' kwa kufananishwa na yule straika mrefu wa Togo. Na Bocco mwili aliutumia kweli. Aligeuza mgongo kwa goli, akawaweka mabeki nyuma yake, wenzake wakapanda. Msimu wa 2020/21 akiwa Simba alimaliza mfungaji bora na mabao 16. Kumwambia Bocco kwamba urefu hauna maana ni kumtukana.

KONA YA SAN PEDRO

Wanaoamini futi wana ushahidi wao pia, na unauma.

Januari 21, 2024, San Pedro, Ivory Coast. Stars ilikuwa inaongoza 1-0 dhidi ya Zambia kwa bao la Simon Msuva. Zambia walikuwa pungufu, mtu wao alishatolewa kwa kadi nyekundu. Tanzania ilikuwa inakwenda kushinda mechi yake ya kwanza katika historia ya fainali za AFCON, tangu ile ya kwanza ya Lagos mwaka 1980. Dakika ya 88 ikapigwa kona, na aliyepiga si mgeni: Clatous Chama, wakati huo mtu wa Msimbazi. Patson Daka akaruka, kichwa, 1-1. Nchi nzima ikakaa chini.

Daka si twiga. Lakini dakika kama zile ndizo makocha huziwaza wanapopanga mabeki, na woga wao si ujinga. Beki mfupi anaweza kushinda mipira tisa ya juu, wa kumi ukawa huo. Ndiyo maana wenye akili hawamwachi peke yake. Wanampa mwenzake mrefu, na kwenye kona hawampi kumkaba mtu mkubwa kuliko wote wa upinzani. Anapewa nguzo ya karibu au kuwinda mpira wa pili. Lisandro Martinez alipotua Manchester United mwaka 2022 na sentimita zake 175, wachambuzi wa Uingereza walisema ligi yao itamtafuna. Kabla mwaka haujaisha alikuwa bingwa wa dunia na Argentina, na Old Trafford wakawa wanaimba jina lake.

Kwa kipa hesabu zinabadilika, na hapa futi ina haki ya kusikilizwa zaidi. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na halipungui kwa sababu kipa ni mfupi. Hata hivyo, chukua kipa wa sentimita 175. Akinyoosha mikono juu anafika kama mita mbili na robo, na akiruka nusu mita ameshapita mtambaa panya. Mpira wa juu katikati ya goli hautamsumbua. Utakaomsumbua ni ule wa kwenye kona ya nguzo, na pale kinachohitajika ni mguu wa kusukumia na urefu wa mkono. Ni nani Mvumi, au hata Dar, amewahi kupima mkono wa kipa wa miaka 14? Djigui Diarra wa Yanga si kipa wa kujaza goli, na mabosi wa Jangwani walimtoa Mali wakijua hivyo. Walichonunua ni miguu ya kuanzisha mashambulizi na wepesi wa kutoka golini.

WAMAREKANI NA MIKONO YAO

Kuna watu duniani ambao kupima wachezaji kwao ni kama ibada. Wamarekani, kwenye mpira wao ule wa yai wa kuvaa kofia ngumu, kila mwaka hukusanya vijana zaidi ya 300 mjini Indianapolis. Wanapimwa urefu, uzito, kiganja, mkono kuanzia begani, mbio fupi, na kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi iwezekanavyo. Yale mabonge ya watu yanayosimama mbele kumlinda mrusha mpira ndiyo yanayochunguzwa mikono kuliko wote. Maskauti wanapenda inchi 34, yaani kama sentimita 86. Ukiwa chini ya 33, wengi wanaanza kusema hufai kukaa pembeni ya ukuta, uhamie ndani.

Hoja yao si ya kipuuzi. Mwenye mkono mrefu anamgusa adui kwanza na kumzuia asimkaribie. Lakini Joe Thomas alipimwa akakutwa na inchi 32 na nusu. Cleveland Browns, ambao walikuwa wameangalia mechi zake za chuo, wakamchagua wa tatu nchi nzima mwaka 2007 na kumweka pembeni hukohuko. Akacheza mipira 10,363 mfululizo bila kukosa hata mmoja, mpaka msuli wa mkono ulipochanika, na mwaka 2023 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Basi hata wenye mashine, madaktari na pesa ya kupima kila kidole, ilibidi warudi kuangalia mechi.

FUTI INAPIMA NINI MVUMI?

Tofauti ni kwamba yule wa Indianapolis anapimwa akiwa na miaka 21 au 22, mwili umeshamaliza kazi yake. Wa Mvumi anapimwa kwa macho akiwa na miaka 13.

Huku ni uwanda wa kati. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na ikigoma, mtama na uwele vinagoma nayo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wala si jambo la mikoa ya ukame tu, maana hata Njombe, Iringa na Rukwa, wanakolima chakula cha kuuza, udumavu umekuwa mkubwa kwa miaka. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Kwa hiyo futi ikimpima kijana wa kidato cha kwanza leo, inapima pia uji alioukosa akiwa bado hajajua kutembea. Si kila mfupi amedumaa, wapo waliochukua kwa baba zao. Ila mwalimu anayetazama mstari ule hawezi kuwatofautisha, na kwenye kukaba hakuna haja ya kuwatofautisha.

Halafu kuna muda. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 14, lakini yupo anayewahi akiwa na 12 na yupo anayesubiri mpaka 16. Kwenye darasa moja unaweza kumkuta mwenye ndevu na asiyebalehe, na tarehe zao za kuzaliwa zinapishana miezi miwili tu. Anayewahi anaonekana fundi. Anashinda kila mpira kwa sababu anacheza na watoto. Wenzake wakimfikia akiwa na miaka 17, ghafla hajui kujipanga, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji. Na hapo bado hujagusa habari ya umri wa kudanganya, iliyoifanya Serengeti Boys iondolewe kwenye mashindano ya Afrika mwaka 2005.

Wenzetu wameshalia na hili. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa sababu ya udogo, na mwaka 2016 akabeba ubingwa wa England akiwa na Leicester. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu za kwao Ufaransa kwa ufupi, Real Sociedad ya Hispania ikamchukua, na Ufaransa haohao wakabeba naye Kombe la Dunia 2018. Siku hizi akademi kadhaa za Uingereza hupanga baadhi ya mechi za vijana kwa kuangalia mwili umekomaa kiasi gani, badala ya mwaka wa kuzaliwa peke yake, ili mkubwa akutane na wakubwa wenzake na mdogo apate nafasi ya kuonyesha akili.

Mvumi hakuna mashine ya hayo, na haihitajiki. Ukuta wa darasa na kipande cha chaki vinatosha. Kijana asimame pembeni ya ukuta, anyooshe mkono, achore alama. Aruke, achore nyingine. Nafasi kati ya alama mbili ndiyo mruko wake, na mara nyingi mfupi anamwacha mrefu hapo. Kipa atanue mikono yote miwili apimwe kutoka ncha hadi ncha. Baada ya hapo wawekwe wawili wawili mbele ya goli, krosi kumi kutoka kulia, kumi kutoka kushoto, na mtu ahesabu nani kaugusa mpira kwanza. Vyote viandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe ya kuzaliwa, na zoezi lirudiwe shule zikifunguliwa, kwa sababu miezi sita kwa mtoto wa umri huo ni mingi. Dogo mfupi akigusa krosi 13 kati ya 20, jezi ya beki wa kati ni yake, na yule mrefu aulizwe kama amewahi kujaribu kucheza mbele.