Kiungo cha Kichwa na Shingo

Tangu reli ilipofika Sakania mwaka 1909, mji wetu umekuwa mlango wa wasafiri. Siku hizi malori nayo huvuka hapa mpaka wa Zambia. Penye safari pana ajali. Mtu aanguka kutoka juu ya mzigo, naye hana jeraha wala damu. Wenzake humwinua upesi, humketisha na kumnyosha shingo. Kumbe, wema huo waweza kumwua!

Sababu ni hii: kichwa chakaa juu ya pingili mbili za ajabu. Ya kwanza ni kama pete. Ya pili ina kijino kilichosimama ndani ya pete hiyo. Tukigeuza kichwa kukataa jambo, pete huzunguka katika kijino. Nyuma ya kijino hupita uti wa fahamu utokao ubongoni, uamuruo mikono, miguu, hata pumzi. Kijino kikivunjika na kusogea, uti huo waweza kubanwa.

Jicho la mganga halifiki huko. Lakini mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Picha ya eksirei ikipigwa kwa mbele, taya na meno hukificha kijino. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa afumbue kinywa, mionzi ipite humo. Nyingine hupigwa ubavuni.

Hata hivyo, eksirei huweza kukosa ufa mdogo. Basi, hospitali kubwa hutumia skana, ambayo huzunguka mwili na kuonyesha mfupa kipande kwa kipande. Mmoja wa waliotunga hesabu zake ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1979 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Tena iko mashine ya sumaku, ionyeshayo kano na uti wa fahamu wenyewe.

Lakini mashine hizo humngoja mgonjwa, hazimfuati barabarani. Kwa hiyo, wasomaji wapendwa, aliyeanguka vibaya msimketishe wala msimgeuze shingo, isipokuwa moto au hatari nyingine yamkabili. Mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine aangalie pumzi. Akihitaji kuchukuliwa, wengi wamwinue pamoja, alale juu ya ubao ulionyoka. Msamaria mwema alikuwa na huruma. Sisi tuongeze na maarifa.