Hema au Gari la Kulala?

Kuna maswali ambayo hayafiki katika mabaraza makubwa ya taifa, lakini yakiingia katika nyumba ya mtu huweza kuitikisa kwa juma zima. Swali la namna hiyo liliingia katika nyumba ya mwandishi wa safu hii, hapa Tabora, mwaka mmoja usio wa mbali. Tulikuwa tumekusudia kwenda Bagamoyo kuhudhuria tamasha la sanaa na utamaduni. Juu ya safari yenyewe hatukuwa na neno. Kilichotugawanya ni mahali pa kulala: je, tuchukue hema, au tukodi gari lililotiwa vitanda ndani, lile ambalo wengi wetu hulijua kwa jina la Kombi ingawa siku hizi lina sura nyingi na majina mengi?

Msomaji aweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo la watu wenye nafasi. Nasi tulidhani hivyo. Walakini mwenye safari hiyo hakuwa kijana. Alikuwa baba yetu mkubwa, mzee aliyekwisha vuka miaka 80, ambaye magoti yake humsumbua hata kuinuka kitini. Katika ujana wake alicheza dansi mjini hapa, siku za Kiko Kids na Tabora Jazz, na kabla ya hapo alipiga ngoma vijijini. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi wa misafara. Mzee alikuwa na haja moja tu: kufika Bagamoyo, mahali ambapo babu yake aliutua mzigo, na kuisikia ngoma ikilia huko akiwa bado na masikio ya kusikia.

Kwa hakika watu wa Tabora si wageni wa swali hili la malazi. Mji wetu uliinuka kwa sababu ya misafara. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wala hawakufika Kaze, kama walivyoiita Tabora, mpaka tarehe 7 Novemba. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akawasili hapa mwezi wa Juni, baada ya kukumbana na masika katika tope la Makata. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera, na ngoma na baragumu vikasikika kabla watu hawajaonekana. Kambi ilipopigwa, wapagazi wa Kinyamwezi walikata matawi na nyasi, wakajijengea vibanda vidogo, na penye hatari wakazungushia boma la miiba. Hema lilikuwa la mkubwa wa safari, na lenyewe lilisafiri begani mwa mpagazi.

Hata gari lilijaribiwa. Stanley alitengenezesha kigari chembamba cha kuchukulia mizigo, akitumaini kwamba kitampunguzia watu. Lakini njia ilikuwa ya miguu, upana wake mtu mmoja nyuma ya mwenziwe. Kigari kikawa mzigo juu ya mizigo, na hatimaye kikaachwa. Kilichofaa kumchukua mtu asiyejiweza kilikuwa machela. Burton alipotoka Tabora kuelekea Ujiji aliugua hata miguu ikakataa, naye akafika ziwani akiwa amebebwa. Twaweza kusema kwamba machela ndiyo iliyokuwa Kombi ya zamani, na kwamba kazi yake ya haki ilikuwa kumsaidia mgonjwa. Jambo hilo tungalilizingatia mapema, lisingalitupata lililotupata.

Basi tukaketi kuyapima mambo. Mjukuu wa mzee, kijana anayependa magari, aliitetea Kombi kwa ufasaha. Mvua haiingii ndani. Mlango una kufuli. Mtu mzima haamki kutoka ardhini kwa kushika nguzo, bali huketi ukingoni mwa kitanda, akashusha miguu, akasimama. Hoja hizo zote zilikuwa za kweli.

Upande wa pili nao ulikuwa na yake. Bati la gari likipigwa na jua la pwani huwa kama tanuri, na madirisha yakifunguliwa usiku mbu huingia, na mbu wa pwani wana malaria kama wa kwetu. Gari likishaegeshwa haliondoki kwa urahisi, maana watu hujaa kila upande. Aghalabu huegeshwa mbali na uwanja, hata mzee aliyeletewa gari kwa ajili ya magoti yake alazimike kutembea. Hema hukunjwa likaingia katika buti ya basi, hupitisha hewa, na husimamishwa karibu na wenzako. Na juu ya yote hayo kulikuwa na bei. Ukodishaji wa gari kwa siku nne, pamoja na mafuta ya kwenda na kurudi, ulikaribia thamani ya magunia ya karanga tuliyokuwa tumeyaweka kwa karo ya chuo ya mjukuu mwingine.

Mzee aliposikia habari za karanga alikata shauri. "Sitalala kitandani juu ya karo ya mtoto," alisema. "Babu yangu alilala chini miezi mitatu kwenda, na miezi mitatu kurudi. Mimi nishindwe siku nne?"

Nilimjibu kwa heshima, "Baba, lakini babu alikuwa kijana mwenye magoti."

Akacheka sana, wala asibadili neno. Nami, nikiri, nilifurahi kwamba hakulibadili, kwa sababu karanga zilikuwa zimesalimika.

Tulipanda basi alfajiri. Itigi, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze: nchi ambazo babu alizipita akihesabu visima, sisi tulizipita tukihesabu vituo. Bagamoyo tulisimamisha hema katika ua wa nyumba moja ya wageni, pamoja na watu wengine waliokuja kwa ajili ya tamasha. Tamasha hilo lilizaliwa na Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huangukia miezi ya mwisho wa mwaka, wakati kiangazi kinapoagana na pwani.

Siku mbili za kwanza hema lilishinda hoja zote. Asubuhi mzee alitolewa nje akaketishwa juu ya kigoda, na kila aliyepita alimwamkia. Vijana wa ngoma walipojua kwamba ametoka Unyamwezi, walimletea ngoma ndogo, naye akawaonyesha mapigo ambayo sisi wa nyumbani kwake hatukupata kuyasikia. Jirani zetu waliokuwa na gari, mtu na mkewe na watoto watatu, waliacha viti vyao vizuri wakaja kuketi juu ya mkeka wetu. Nilimwambia yule kijana wetu kwamba ameona mwenyewe: gari lina mlango, nao mlango hufungwa, lakini hema halimfungi mtu.

Usiku wa tatu mvua ya vuli ilinyesha. Hapa hapana wa kulaumiwa ila mwandishi mwenyewe. Mbingu zilikuwa safi tulipofika, nami nikaona uvivu kuchimba mfereji kulizunguka hema, kazi ambayo mpagazi wa zamani asingaliiacha. Tena nilikuwa nimechagua bonde dogo kwa sababu mchanga wake ulikuwa laini. Saa tisa za usiku maji yalipita chini yetu kama kijito. Tulipowasha tochi tulimkuta mzee amelowa mpaka kifuani, anatetemeka, naye hakutaka kutuamsha.

Jirani yule wa gari ndiye aliyetokea na mwavuli. Hakuuliza swali. Alimbeba mzee mgongoni, mkewe akawaamsha watoto na kuwahamishia viti vya mbele, na mzee akalazwa kitandani, akavikwa kanga kavu na kunyweshwa chai ya moto. Kulipokucha alikuwa na homa. Tulimpeleka kutibiwa, akalala siku mbili, naye siku ya mwisho ya tamasha aliisikia kwa mbali kupitia dirisha la chumba tulichokipanga. Kodi ya chumba hicho ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Tangu mwanzo tungaliweza kumpangia mzee, na sisi wengine tukalala hemani.

Kwa hiyo mwandishi hatampa msomaji jibu la mkato. Mwenye afya na achukue hema. Alisimamishe mahali palipoinuka, achimbe mfereji hata kama hakuna wingu, atundike chandarua, wala asilale chini ya mnazi, maana nazi haina macho. Jiko la mkaa lisiingie hemani wala garini, hata usiku wa baridi kiasi gani, kwa kuwa hewa yake huua watu usingizini bila ya kelele. Mzee, mgonjwa na mama mwenye mtoto mchanga watafutiwe gari au chumba, na bei ya jambo hilo isitajwe mbele yao. Tulipozihesabu karanga mbele ya mzee tulimnyima nafasi ya kuchagua, kwa sababu mtu wa rika lake hawezi kukubali kuwa gharama ya wajukuu.

Kuna neno moja pia kwa wale wanaoandaa mikusanyiko. Huko Uingereza tamasha la Glastonbury lilianza mwaka 1970 katika shamba la mfugaji, kwa kiingilio cha pauni moja pamoja na maziwa ya bure. Siku hizi magari ya kulala yana viwanja vyake na tiketi yake ya ziada, na mahema yana viwanja vyake. Bila shaka utaratibu huo unazo sababu zake katika mkusanyiko mkubwa kama ule. Lakini kwetu, ambako mikusanyiko ni ya kiasi, yafaa mahema na magari yawekwe karibu, penye maji na vyoo, pasiwe na ua katikati. Laiti kungalikuwa na ua usiku ule, mwenye mwavuli asingalitusikia. Na ikiwa siku moja Tabora itaamua kuwaalika watu wa ngoma kutoka pande zote za njia ile ya misafara, kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba hakina mvua, na nafasi ya kupiga kambi tunayo.

Mzee alipona, na magoti yake yako vilevile. Majuzi ameuliza tena habari za tamasha. Safari hii hakutaja hema wala gari. Ameagiza tu kwamba jembe liwe kitu cha kwanza kufungwa katika mizigo, na kwamba atasimama mwenyewe kuangalia nikichimba.