Jina Lako Katika Daftari la Chama

Mwishoni mwa Agosti, stegi ya Turbo hupata abiria wa aina yake. Wamebeba godoro lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba, sanduku la bati lenye jina la shule ya upili ubavuni, ndoo iliyojaa vyombo, na bahasha ya kaki isiyotoka mkononi. Ndani ya bahasha mna barua ya kuitwa chuoni, hati ya matokeo ya KCSE, nakala za kitambulisho na picha za pasipoti. Matatu hupita Jua Kali, Maili Tisa na Maili Nne hadi Eldoret, na hapo njia hutengana. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Eldoret hushika barabara ya Ziwa hadi Chepkoilel. Aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Moi huanza safari ya pili, Cheptiret kisha Kesses, kilomita kama 35 kutoka mjini. Wa vyuo vya kiufundi hubaki papo hapo Eldoret na kutafuta chumba cha bei nafuu Huruma au Langas.

Wiki ya kwanza huishia kwenye foleni. Foleni ya kusajiliwa, ya bwenini, ya kupigwa picha ya kitambulisho. Lakini pembeni mwa foleni hizo huwa kuna meza, na juu ya meza daftari nene la jalada gumu. Hapo ndipo mambo ninayotaka kuyazungumzia yanapoanzia.

Daftari lenyewe huwa limepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: jina, nambari ya usajili, idara, nambari ya simu, kaunti. Nyuma ya meza wamekaa makomredi wawili wa mwaka wa pili au wa tatu, mmoja ana kipaza sauti kinachokwaruza, mwingine ana bakuli la plastiki la kutilia shilingi mia za kujiunga. Chama cha mazingira kina miche. Msalaba Mwekundu wana fulana zao. Umoja wa Kikristo wana kinanda na kwaya nzima imesimama juani. Wanafunzi Wakatoliki, Waadventista na Waislamu kila mmoja ana kona yake. Wapo wa mdahalo, wa uigizaji, wa Kiswahili, wa uanahabari, wa sataranji, wa karate, wa ujasiriamali, Rotarakti, maskauti wakubwa. Timu ya riadha haihitaji kipaza sauti katika nchi ya wakimbiaji kama hii. Kocha akionekana tu na saa yake shingoni, vijana humfuata wenyewe.

Freshaz, yaani mwanafunzi mgeni, akisimama mbele ya meza yoyote, mazungumzo huwa ni haya:

"Karibu komredi. Umeshajiunga na chama gani?"

"Bado."

"Unatoka wapi?"

"Turbo."

"Turbo! Basi wewe ni wetu. Njoo jioni, sisi watu wa nyumbani tuna kikao chetu."

Swali la pili ndilo linalonishughulisha. Yule freshaz alikuja kuuliza habari za mdahalo au za upandaji miti, na kabla hajamaliza kusoma bango ameshapelekwa kwenye kikao cha watu wa kwao. Simlaumu aliyemwita. Vyama vya wanafunzi wa kaunti au wa eneo moja vina kazi kubwa katika vyuo vyetu. Ndivyo vinavyochangisha mwenzao akifiwa, ndivyo vinavyotafuta basi la pamoja likizo ikifika, na mara nyingi ndivyo vinavyojua ofisi ya kubishwa hodi pesa za mkopo wa HELB zinapochelewa. Mtoto aliyetoka nyumbani juzi, anayeona baridi ya Kesses ikipenya blanketi, anahitaji kusikia lugha ya mama yake. Asiyelijua hilo hajawahi kulala bwenini usiku wa kwanza.

Shida yangu ni pale kikao hicho kinapokuwa cha kwanza na cha mwisho. Ninayasema haya nikiifikiria Turbo hasa.

Turbo ni mji wa mpakani mwa kaunti. Uko upande wa magharibi wa Uasin Gishu, Kakamega na Nandi zikiwa majirani wa karibu, na barabara kuu ya kwenda Uganda ikipita katikati. Reli, misitu ya kupandwa na mashamba ya mahindi vilileta watu wa kila namna: Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Waluo, Wakisii. Siku ya soko huwezi kujua mwenzako atakujibu kwa lugha gani mpaka afungue mdomo. Na mji huohuo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Nyumba na maduka yalichomwa, majirani wa miaka mingi wakakimbiana, familia zikalala nje na watoto. Anayeingia chuoni sasa akiwa na miaka 18 au 19 alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake wakati huo, au hakuwa amezaliwa. Hakuyaona, lakini amekulia katika nyumba ambamo yanazungumzwa kwa sauti ya chini, na amejifunza bila kufundishwa nani anapanga chumba karibu na nani.

Nyumbani hakuwachagua jirani zake. Shuleni alipangwa darasani na mwalimu, bwenini na mlezi. Chuoni, kwa mara ya kwanza, anaweza kuketi na watu kwa sababu tu wote wanapenda jambo moja. Msichana wa Turbo akijiunga na kikundi cha uigizaji, atajikuta anakariri mistari na mvulana wa Kwale na msichana wa Marsabit, na kufikia muhula wa pili atakuwa anamjua mmoja wao kuliko anavyomjua binamu yake. Sioni mahali pengine katika maisha ya Mkenya ambapo jambo hilo hutokea kwa urahisi hivyo.

Wasomi wa Afrika Mashariki waliligundua zamani. Novemba 1962, kundi la uigizaji la wanafunzi wa Makerere lilipanda jukwaani katika Ukumbi wa Taifa wa Kampala na tamthilia ya mwenzao, kijana kutoka Limuru aliyekuja kujulikana kote kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Tamthilia hiyo, The Black Hermit, inamhusu kijana wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu, anayevutwa huku na kule kati ya madai ya watu wa kwao na maisha anayoyataka mwenyewe. Iliigizwa katika shamrashamra za uhuru wa Uganda, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wanafunzi. Ndiyo tamthilia iliyomtangaza Ngũgĩ, aliyeaga dunia Mei 2025.

Dar es Salaam nako, mwaka 1967, wanafunzi waliunda chama cha mapinduzi ya Afrika kilichojulikana kama USARF. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Ndani yake walikuwamo vijana wa nchi kadhaa, na mhadhiri Walter Rodney alikuwa karibu nao. Walikutana kusoma na kubishana siku ambazo wenzao walikuwa wanapumzika, na kuanzia 1969 walichapisha jarida lao, Cheche. Mwishoni mwa 1970 serikali ilikipiga marufuku chama pamoja na jarida. Unaweza kukubaliana na fikra zao au kuzikataa. Mimi kinachonigusa ni kwamba vijana wa vyuo vya leo wanaweza kumaliza miaka minne bila kubishana na mtu wa nchi jirani hata mara moja.

Na kama mtu wa Turbo anataka mfano wa karibu, anao mlangoni. William Ruto, aliyekulia pande za Kamagut na ambaye hachoki kusimulia alivyouza kuku kando ya reli, alipokwenda Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea botania na zuolojia alijitosa katika Umoja wa Kikristo na kwaya ya chuo. Ni kupitia shughuli hizo za dini ndipo alipojuana na Rais Moi. Shahada alipata 1990. Kujulikana kulianzia kwaya. Uyapende usiyapende yaliyofuata katika siasa, mkondo wa maisha yake haukuanzia darasani peke yake.

Hata Chuo Kikuu cha Moi chenyewe kilianza kama kikundi kidogo. Kilipoundwa mwaka 1984 kilipokea wanafunzi 83 waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Themanini na tatu! Idadi hiyo leo hujaza chumba kimoja cha mihadhara na wengine wakasimama. Kwa mtoto wa Turbo jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa amekua akiutazama msitu uliopandwa kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Webuye, kiwanda kilichofungwa 2009. Miti anaijua kwa macho. Chama cha mazingira kinaweza kumfunza kuijua kwa hesabu na kwa sheria: nani ana haki ya kuikata, nani analipwa, mche hufa kwa nini baada ya wageni wa heshima kupigwa picha na kuondoka.

Wakati mwingine uanachama huwa ndio kitu pekee kinachobaki. Septemba 17, 2025, wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma, na mgomo ukadumu siku 49. Freshaz walikuwa wameripoti majuma machache tu kabla. Hawakuwa na darasa, hawakumjua mtu, na wengi hawakuwa na nauli ya kurudi nyumbani kisha kuja tena. Aliyekuwa ameandika jina lake katika daftari la kwaya au la timu ya voliboli alikuwa na mahali pa kwenda saa kumi jioni. Aliyekuwa hajaandika alibaki na simu na kitanda.

Lipo tukio zito zaidi ambalo siwezi kulipita. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi walivamia chuo cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa waliouawa mapema walikuwa vijana wa Umoja wa Kikristo waliokuwa wameamka kusali kabla ya masomo. Walionusurika waliletwa Moi, Eldoret, kuendelea na masomo. Walifika wakiwa wageni kuliko freshaz yeyote, katikati ya mwaka, wakiwa wamebeba yale waliyoyaona. Ninaamini kwamba kwa mtu wa namna hiyo kiti cha karibu katika kikao cha jioni, na mwenzake wa kumwambia "keti hapa", vilikuwa na thamani ambayo ofisi haiwezi kuitoa.

Ndiyo maana nakasirishwa na yanayofanywa kwa jina la vyama. Kuna "klabu za biashara" ambazo kazi yake yote ni kumwambia kijana alipe kiingilio, kisha atafute wengine wa kulipa. Kuna wanasiasa wanaohitaji vijana wa kushangilia mkutanoni na wanaojua kuwa freshaz huridhika na fulana na mia mbili. Kuna sherehe za kuwakaribisha wageni ambako wanaume wa mwaka wa nne huja kuwawinda wasichana wasiojua bado njia ya kurudi bwenini. Chama halali kimesajiliwa na ofisi ya mlezi wa wanafunzi, kina mhadhiri mlezi mwenye jina, na hesabu zake husomwa mbele ya wanachama. Freshaz ana haki ya kuuliza mambo hayo matatu kabla ya kutoa shilingi mia yake, na anayekasirika kuulizwa ameshajibu.

Viongozi wa vyama nao waangalie saa zao. Wanafunzi wengi wa Chepkoilel hupanga nje, Kimumu na Marura, na kikao kinachoanza saa mbili usiku kimewafungia nje hasa wasichana. Ada ya mia moja ni ndogo kwa anayetumiwa pesa kila wiki. Kwa anayepika sukuma kwa jiko la koili siku saba mfululizo ni chakula cha siku mbili. Wapo wanaoruhusu mwanachama kulipa mwisho wa muhula, au kulipia kwa kazi ya kupanga viti na kuandika kumbukumbu. Vyama vyote viige hilo.

Na wewe mzazi uliyebaki Turbo, simu itakuja, pengine Oktoba. "Mama, kuna safari ya klabu Msitu wa Kakamega, ni mia tano na chakula." Usikate kwa hasira ukidhani amesahau kilichompeleka. Muulize basi ni la nani, mhadhiri gani anaandamana nao, na kama watarudi kabla ya giza. Maswali hayo si ya woga: Machi 30, 2023, basi la Chuo Kikuu cha Pwani lililokuwa likiwaleta wanafunzi Eldoret kwa michezo lilipata ajali Naivasha, na zaidi ya watu kumi wakafa. Majibu yakiridhisha, mtumie hizo mia tano. Akirudi, muulize aliketi na nani kwenye basi, na kwao ni wapi.