Mtoto Mwenye Kipaji Ambaye Kusoma Humshinda

Mnamo tarehe 7 Novemba 1896, tabibu wa Kiingereza aitwaye W. Pringle Morgan, mkazi wa mji mdogo wa Seaford, alichapisha katika jarida la matabibu la nchi yake habari za mvulana wa miaka 14, Percy, ambaye fahamu zake zilikuwa nyepesi na hesabu hazikumtaabisha, illa kusoma kulimshinda kabisa, hata jina lake aliliandika Precy asitambue kosa. Mwalimu wake alishuhudia kwamba lau masomo yote yangalitolewa kwa mdomo, kijana yule angaliwapita wenziwe wote.

Kwa watoto kama Percy, aghalabu kipaji na udhaifu hufichana. Mtoto mwerevu hubahatisha neno asilolisoma kwa kufuata maana ya habari, na kwa hila hiyo hupita madarasa ya chini salama, hata vitabu vizidipo urefu huanguka ghafula, naye huitwa mvivu. Na hiyo ni dhuluma. Vipimo vya akili navyo huweza kuhadaa. Mtoto akipata alama 130 katika ufahamu wa maneno na 85 katika wepesi wa kazi ya mkono na jicho, mpimaji anayechanganya alama hizo pamoja humtoa mtoto wa kawaida, ambaye kwa hakika hayupo. Basi mzazi na adai ripoti ya kila sehemu peke yake. Mahali pa kuitafuta papo: nchini Kenya, vituo vya tathmini ya elimu maalumu vimekuwapo tangu 1984.

Shida kubwa ni shule yenyewe. Shule za vipaji maalumu za Tanzania, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, huchagua kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, na asiyewahi kuyamaliza maswali kwa kuyasoma haufikii mlango huo, ijapokuwa akili yake ni ya huko. Akipelekwa kwenye kitengo cha elimu maalumu, huenda akapewa masomo mepesi yasiyomstahiki. Kumnyima hesabu ngumu na sayansi mpaka asome sawasawa ni kumnyima mgonjwa chakula mpaka apone.

Kwa hiyo mimi huwashauri wazazi wasitazame sifa ya shule, bali wamwulize mwalimu mkuu ni nani atakayemfundisha mtoto kusoma kwa sauti za herufi, hatua kwa hatua, na mara ngapi kwa juma. Kama ataruhusiwa kujibu kwa mdomo. Na hususan kama saa za msaada huo zitakatwa katika vipindi anavyovipenda. Shule ya kijijini yenye majibu mema ni bora kuliko mashuhuri isiyo nayo. Kadhalika waulize mapema habari za muda wa ziada katika mitihani ya taifa, kwa kuwa maombi ya namna hiyo hupitia shuleni, nayo huenda yakahitaji ushahidi wa tathmini ulioandikwa mapema.