Mchongaji Naye Ana Jina

Likizo iliyopita niliandamana na wanafunzi wangu wachache hadi Diani kukusanya msamiati wa ufundi. Tulisimama penye kibanda kimoja cha vinyago. Mwanafunzi mmoja akachukua twiga wa muhugu, akauliza, "Huyu kachongwa na nani?" Mwenye kibanda alimtazama kwa mshangao. "Na fundi tu, dadangu," akajibu. Bei aliitaja bila kusita. Jina hakuwa nalo.

Jibu hilo lilinikumbusha St Ives, mji mdogo wa pwani kusini-magharibi mwa Uingereza, uliojulikana tangu zamani kwa uvuvi, ambao niliuzuru nilipokuwa masomoni. Huko pana jumba la makumbusho la mchongaji mmoja tu, Barbara Hepworth. Alifanya kazi mahali hapo tangu 1949 hadi alipofariki katika ajali ya moto mwaka 1975. Mwaka uliofuata jamaa zake walipafungua kwa umma, kama alivyousia. Si jumba kubwa. Bustanini sanamu zimesimama pale pale alipoziweka mwenyewe. Katika karakana, nyundo na patasi zake zingalipo kando ya mawe ambayo hakuwahi kuyamaliza. Huyu ndiye aliyebuni sanamu iliyozinduliwa mwaka 1964 kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kumkumbuka Dag Hammarskjöld.

Sidai kwamba kila mchongaji wa Kwale ajengewe jumba. Nauliza tu: wenzetu wamehifadhi hata patasi, mbona sisi, toka Diani hadi Msambweni, hatuhifadhi hata jina?

Wapo watakaonijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo yaonya dhidi ya sifa zinazolevya. Kumtaja mtu kwa jina lake si kumsifu, ni kumpa haki yake.

Wengine watasema kwamba sanaa ya jadi ni ya jamii, wala si ya mtu mmoja. Hoja hii ina uzito. Kigango cha Wagiriama, majirani zetu wa Kilifi, husimamishwa kwa heshima ya marehemu, si ya aliyekichonga. Hata hivyo, kumbukumbu ya majina ina nguvu zake. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye vikaibwa, vikaja kuonekana katika makumbusho ya vyuo vikuu viwili vya Marekani. Picha ile, yenye mtu na mahali panapojulikana, ndiyo iliyothibitisha ni vya nani, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa jamaa yake. Vingi vilivyouzwa ng'ambo bila kumbukumbu ya namna hiyo imekuwa vigumu kuvijulia kwao.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Kinondo, Gazi na Msambweni. Mpeni kila mwanafunzi daftari moja, aende kwa fundi wa karibu. Aandike jina lake, alikozaliwa, aliyemfundisha, miti anayoipenda na sababu zake. Aandike pia majina ya zana, tezo na patasi kwa aina zake, na maneno ambayo fundi huyatumia na kamusi hazina. Kazi hii haihitaji ruzuku ya yeyote. Ikicheleweshwa, wazee watakwenda na majina pamoja na maneno.

Siku ile wanafunzi wangu hawakuridhika na "fundi tu". Walidadisi hadi wakaelekezwa nyuma ya vibanda, alikoketi mzee akisugua kinyago kwa msasa. Walipomwomba jina, alinyamaza kidogo, kisha akalitaja taratibu, herufi kwa herufi, ili lisikosewe. Limo daftarini.

Chanda chema huvikwa pete. Lakini kwanza sharti tujue ni chanda cha nani.