Fedha za Kuacha Msitu Usimame Dilolo

Gunia la makala lililosimamishwa kando ya barabara ya Kasaji ni fedha ya leo. Miombo ikiachwa isimame inatoa viwavi wakati wa mvua, uyoga, asali na maji ya kijito kisichokauka, lakini hailipi ada ya mtoto aliyerudishwa nyumbani Jumatatu asubuhi. Malipo ya uhifadhi yamebuniwa kwa ajili ya pengo hilo: mwenye ardhi hupewa fedha kila mwaka ili eneo fulani lisifyekwe wala kuchomwa.

Marekani hufanya hivyo tangu 1985, kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15. Mfano unaotufaa zaidi uko Uganda, wilaya za Hoima na Kibaale, kati ya 2011 na 2013. Kati ya vijiji 121 vilivyochunguzwa, 60 vilipewa nafasi: mwenye msitu asiyekata alipwe shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka. Wakaguzi walipita bila kutoa taarifa, wakitafuta visiki vibichi. Vijiji hivyo vilipoteza asilimia 4.2 ya miti yake. Vile vingine, asilimia 9.1. Na waliojiunga walikuwa thuluthi tu ya waliostahili.

Ila Mganda yule aliweza kusema, huu ni msitu wangu. Kwetu Kongo, sheria ya 20 Julai 1973 inaufanya udongo wote kuwa mali ya Dola, na kijijini shamba hugawiwa na shefu wa ardhi, kwa neno la mdomo. Ukimlipa shefu peke yake, mwenye shoka hapati kitu na ataendelea kukata. Ukimlipa mkulima mmoja mmoja, atatia saini juu ya ardhi asiyo na hati yake. Kwa hiyo mimi nashikilia njia ya tatu. Amri ya 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake hadi hekta 50,000, bila malipo na bila ukomo wa muda. Mkataba uandikwe na jamii hiyo, majina ya kaya yasomwe mbele ya watu wote, na mama anayelima mihogo pembezoni mwa msitu apokee fungu lake mkononi mwake.

Fedha zipo. Kanuni ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 eneo lenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Migodi mikubwa ya mkoa wetu wa Lualaba iko upande wa Kolwezi, Mutshatsha na Lubudi, basi ile 15 inabaki huko. Ile 25 ya mkoa ni ya wote, Dilolo ikiwemo, na sehemu yake itengwe kwa kazi hii. Serikali si mgeni wa jambo hili: FONAREDD, mfuko wake wa misitu, upo tangu 2012, na jamii za mkoa wa Mai-Ndombe zimekwisha kulipwa kwa kukinga savana na moto na kupanda miti ya akasia.

Tarehe nayo ina uzito kama kiasi. Mashamba hufyekwa na kuchomwa wakati wa kiangazi. Ukaguzi ufanyike Agosti, na fedha zitoke mwanzoni mwa Septemba, shule zinapofunguliwa.